Karani wa kanisa, managu na hadithi za kubuni

Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Imani yako inakusaidia kuandika, au inakuzuia?" Nimesoma majibu ya wenzangu. Wengi wamesema inawasaidia, kwamba wakishapiga magoti maneno hushuka yenyewe. Mimi nikishaomba usiku huwa nalala. Naomba basi nafasi niseme langu, na mnivumilie nikilianzia mbali, kwa sababu swali hili niliwahi kuulizwa kanisani, mbele za watu, na aliyeniuliza hakuwa akitafuta jibu la kuchapishwa.

Mimi ni wa Kanisa la Friends, hao ambao wengi wenu mnawaita Quakers, huku Maragoli katika Kaunti ya Vihiga. Dhehebu letu lina mizizi huku tangu 1902, Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walipoanzisha misheni Kaimosi. Waliiita Friends Africa Industrial Mission, na hilo neno la viwanda halikuwa pambo: walileta mashine ya kupasua mbao, wakafundisha kazi za mikono sambamba na Injili. Hadi leo mtu wa kanisa asiyeshika jembe hutazamwa kwa jicho la pembeni, hata awe anazijua Zaburi zote kwa moyo.

Kazi yangu kanisani ni ukarani wa kumbukumbu. Asiyetujua ataona ni kazi ndogo, ya kuandika nani alikuja na nani alituma udhuru. Kwetu ina uzito wake. Katika mkutano wa mwezi, kwa desturi yetu, hatupigi kura. Jambo linaletwa, watu wanasema, wananyamaza, wanasema tena, hadi ionekane mkutano umefikia wapi. Hapo hapo kumbukumbu inaandikwa, si kesho nyumbani, kisha inasomwa kwa sauti. Mtu yeyote anaweza kusimama akasema, "Karani, hatukusema hivyo." Unafuta, unaandika upya, unasoma tena, mpaka wote wakubali kwamba lililoandikwa ni lao. Nimeona saa nzima ya maneno makali kuhusu mpaka wa kiwanja ikiishia katika sentensi mbili fupi, na waliokuwa wakinyosheana vidole wakaridhika nazo. Kama kuna darasa la uandishi linaloshinda hilo, mimi sijaketi ndani yake.

Sasa, huyo huyo karani usiku huandika hadithi. Hadithi fupi za kubuni, kwa Kiswahili, watoto wakishalala. Moja ilichapishwa, kijana mmoja wa kwaya akaipata kwenye simu, na kabla ya Jumapili ilikuwa imezunguka kanisa zima. Ibada ilipokwisha, tukiwa tumesimama uani tukisalimiana, mama mmoja mzee akaniita.

"Karani, zile hadithi zako, mambo hayo uliyaona au uliyaota?"

"Niliyabuni, Mama."

"Yule mwanamke aliyemtoroka mumewe, si mtu?"

"Si mtu, Mama. Nimemtunga."

Akanitazama. "Sasa wewe unayetunga watu usiku, mchana ukituandikia kumbukumbu, tutajuaje kwamba na sisi hujatutunga?"

Watu walicheka. Mimi nilienda na swali hilo nyumbani, maana lina meno. Lile neno la Yesu kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo, Quakers wamelichukua jinsi lilivyo tangu zamani. Ndiyo sababu hawali kiapo. Mahakamani huthibitisha tu kwamba watasema kweli, na sheria ya Kenya inaruhusu hivyo. Hoja yenyewe ni kwamba mtu akiapa leo kusema kweli, anakiri kuwa siku nyingine, bila kiapo, ulimi wake una ruhusa. Mtu aliyelelewa hivyo akiketi kuandika kwamba palikuwa na mwanamke fulani, anajua ndani kabisa kwamba hapakuwa. Msinicheke. Kuna jioni kalamu hukataa kwa sababu hiyo tu.

Jibu jepesi ni kwamba Yesu naye alisimulia hadithi. Ni kweli, ila watu hulipitia haraka mno. Chukueni ile ya mtini katika Luka 13. Mwenye shamba anakuja kutafuta matunda miaka mitatu, hakuna kitu. Anaamuru ukatwe, kwa nini uchoshe ardhi bure? Mtunza shamba anaomba uachwe mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutia samadi. Usipozaa baada ya hapo, basi na ukatwe. Angalieni anavyoutetea. Hasemi mti huo una moyo mzuri. Hasemi tuwe na matumaini. Anataja jembe, samadi na muda, basi. Mimi nikifika hapo namwamini msimulizi papo hapo, kwa sababu hayo ndiyo maneno ya mtu aliyewahi kusimama mbele ya mti mgumba na bosi nyuma yake. Mtini huo haukuota mahali popote ninapoweza kwenda kuuona. Samadi yake ni ya kweli.

Tena hadithi inaishia hapo. Luka hatuambii kama mti ulizaa. Wahubiri wengi niliowasikia hawawezi kuvumilia jambo hilo: mmoja huuzalisha matunda, mwingine huukata, kutegemea na sadaka ya siku hiyo ilivyokuwa. Nisameheni.

Kwa hiyo jibu langu kwa mama yule, nililompa baadaye nikiwa nimempelekea mboga, lilikuwa hivi. Ukweli wa kumbukumbu ni kwamba jambo lilisemwa. Ukweli wa hadithi ni mwingine: kwamba kama mwanamke huyo angekuwepo, hapa kwetu, msimu huu, kwenye udongo huu, mambo yangekwenda hivyo wala si vinginevyo. Kumbukumbu ina mkutano wa kuikosoa. Hadithi naiandika peke yangu usiku, hakuna wa kusimama akasema hatukusema hivyo. Wa kusimama nimempata bustanini.

Msifikirie bustani ya waridi na benchi. Sensa ya 2019 ilikuta huku Vihiga zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita mraba, na ardhi imegawanywa baba kwa mwana hadi mtu akigeuza jembe vibaya amelima kwa jirani. Changu ni kipande cha mboga za kienyeji kati ya jikoni na migomba: managu, saga, mrenda, kunde, mchicha kidogo, na mitoo pembeni. Nyuma yake ni mahindi na maharagwe ya kula wenyewe. Mbegu za managu ni ndogo hata pumzi huzipeperusha, kwa hiyo nazichanganya na mchanga mkavu kabla ya kuzimwaga kwenye mistari. Zikiota zimesongamana nang'oa za kupunguza, na hizo zilizong'olewa ndizo mboga ya kwanza ya msimu. Saga nayo huvunjwa maua. Ukiona kichwa kinataka kuchanua unakivunja, la sivyo mmea unamalizia nguvu zake kwenye mbegu na majani yanabaki madogo, hayajazi hata kiganja.

Kuna msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba bustani humpa amani. Namwonea wivu. Mimi hunipa kuku wa jirani. Hunipa vidukari nyuma ya majani ya sukuma wiki mwezi wa Januari, jua likiwaka, ambao huwanyunyizia maji ya sabuni asubuhi na wiki haijaisha wamerudi na ukoo wao wote. Ibada hunipa utulivu kwa muda, lakini bustani hunipa kazi, na pamoja na kazi hunipa kalenda ambayo haibembelezwi. Mvua ya masika ikishika mwezi wa Machi tunapanda. Agosti na Septemba tunaingia msimu wa pili. Mvua yetu hupenda kuja alasiri: mawingu yanajikusanya tangu saa sita, radi zinaanza, kisha inamwagika kwa kishindo na kukatika. Nikiandika kwamba mtu alivuna mahindi makavu mwezi wa Aprili, kila msomaji kutoka Majengo hadi Chavakali ataifunga hadithi, na ana haki. Hataniamini tena hata nikimwambia kwamba mtu huyo alilia.

Lakini bustani haiishii kunisahihisha miezi. Huyo mwanamke wa hadithi, aliyemsumbua mama yetu, alinisumbua mimi kwanza. Nilijua anataka kumtoroka mumewe, nilijua na sababu, ila sikujua atatokaje na mzigo wake kwenye boma lenye mama mkwe, shemeji na mbwa. Nilimwacha ameketi jikoni usiku baada ya usiku, haendi popote. Siku moja jioni mimi na wifi yangu tulikuwa tunachuma managu ya kuuza, nikamuuliza kana kwamba naulizia habari za mji.

"Wifi, mwanamke akitaka kuondoka na nguo zake bila mtu kujua, ataondokaje?"

Hakuinua hata kichwa. "Mkesha wa soko. Jioni anachuma mboga kama kawaida, anajaza gunia. Nguo chini, mboga juu. Alfajiri anapanda matatu ya kwanza pamoja na wenzake. Mume mwenyewe ndiye atakayemtwika."

"Mume amtwike?"

"Si gunia la mboga? Atamtwika, na atamwambia arudi na sukari."

Akaendelea kuchuma. Baadaye, kama aliyekumbuka jambo la maana zaidi, akaongeza: "Ila achume jioni. Anyunyizie maji, afunike na majani ya mgomba. Akichuma mchana zitanyauka kabla hajafika barabarani, na mume ataona gunia limebonyea."

Sikumuuliza alijuaje yote hayo.

Niliandika hadithi hiyo usiku ule ule. Kila mtu aliyeisoma hunitajia ile sukari. Nami najua kwa nini yule mama mzee alikataa katakata kwamba mwanamke huyo si mtu: gunia lilikuwa la kweli, majani ya mgomba yalikuwa ya kweli, saa ya matatu ilikuwa ya kweli. Kitu pekee nilichotunga ni mwanamke, na hata yeye, kwa namna wifi alivyojibu upesi, sina uhakika sana.

(Nikiwa bado kwenye mambo ya soko: Kibuye, kule Kisumu, soko huchangamka zaidi siku ya Jumapili. Mimi siuzi Jumapili. Mchuuzi hunichukulia mboga Jumamosi jioni, na kesho yake, nikiwa kanisani naimba, managu yangu yanauzwa Kibuye. Kama hilo ni kuiheshimu Sabato au ni kuizunguka, bado sijaamua, na mchungaji sijamuuliza kwa makusudi.)

Kuna kitu kingine ambacho bustani imekifanya kwa macho yangu ya msomaji, na hapa nitakaa kidogo. Katika kikundi chetu cha waandishi tunatumiana kazi kwa simu. Mwenzetu mmoja, kijana wa mjini, mwenye Kiswahili kitamu kuliko changu, alileta hadithi ya mapenzi aliyoiweka huku magharibi. Kijana anapita na msichana katikati ya shamba la mahindi, anaona maua ya zambarau yamechanua chini ya mahindi, anainama, anamchumia. Msichana anayabandika kwenye nywele. Wenzangu walisifu sana mandhari. Mimi nilipoa mwili.

Maua hayo ni kayongo, lile gugu ambalo wataalamu huliita striga. Mbegu zake ni vumbi. Mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu, na zinaweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10. Haziamki mpaka zihisi mzizi wa mahindi au wa mtama umepita karibu. Hapo huota, hujishikiza kwenye mzizi huo, na kunyonya. Gugu likichomoza juu ya udongo, mahindi tayari yamedumaa. Likichanua, hasara imekwisha kupatikana. Watafiti wa icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, wenye kituo Mbita kando ya Ziwa Victoria, walifundisha wakulima kupanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde ulao mifugo, kati ya mistari ya mahindi na majani ya nepia kuzunguka shamba. Mizizi ya desmodiamu huziamsha mbegu za kayongo mahali ambapo haziwezi kushika cha kunyonya, zikafa. Nepia nayo huwavuta nondo wa vipekecha shina kando, mbali na mahindi. Jirani yangu mmoja amefanya hivyo na ng'ombe wake wanakula desmodiamu. Wengine wetu tunang'oa kwa mkono kabla halijatoa mbegu, tukinung'unika.

Sasa rudini kwa yule msichana na maua yake. Kwa msomaji wa mjini, ni pendo. Kwa msomaji wa huku, amejipamba kwa njaa ya mwaka ujao, na kijana aliyemchumia amepita kwenye shamba la watu waliokwisha kupoteza mavuno akaona urembo tu. Nilimwandikia mwenzetu hayo. Nilimwambia pia asiyatoe maua hayo hata kidogo! Abadilishe kimoja tu: msichana ayajue. Anyamaze, ayapokee, ayaweke kwenye nywele, na ajue shamba hilo ni la nani. Hapo hadithi yake ilikuwa na kitu ambacho mimi na Kiswahili changu kigumu ningekitafuta mwaka mzima. Hajanijibu mpaka leo kama alikubali, ila hadithi ameiondoa kikundini, na mimi huchukulia kwamba anaifanyia kazi.

Ndipo sasa nifike kwenye swali lenu lenyewe, kwamba imani inanisaidia au inanizuia. Mpaka hapa mtadhani nasema inasaidia: imenipa woga wa uongo, na woga huo ndio unaonituma kwa wifi na kwenye mistari ya managu kuuliza kabla ya kuandika. Sawa. Lakini inanizuia pia, na simaanishi matusi au mambo ya kitandani, ambayo watu hudhani ndiyo tatizo la mwandishi wa kanisani. Hayo yana njia zake, na wazee wetu walikuwa mabingwa wa kuyasema bila kuyataja.

Inanizuia mahali penye utajiri wote. Karani wa mkutano wa mwezi husikia mambo. Ndugu wawili wasiosemezana kwa sababu ya mguu mmoja wa ardhi. Mjane anayedaiwa mahari ya binti aliyekwisha kufa. Mzee anayeomba msamaha mbele ya kanisa kwa jambo la miaka mingi iliyopita, na aliyekosewa ameketi safu ya nyuma akitazama dirishani. Watu hao wanasema hayo mbele yangu kwa kuwa kitabu kilicho mkononi mwangu ni cha mkutano. Mwandishi mwenzangu mmoja aliniambia nibadilishe majina na kijiji, basi, kazi imekwisha. Huyo hajawahi kuishi Vihiga. Hapa ukibadilisha jina na kijiji, ukaacha kikohozi cha mtu jinsi kilivyo, kesho yake kinajulikana ni cha nani. Na hata kisipojulikana, mwenye kikohozi atakijua. Mkutano ujao ataketi amenyamaza, na wenzake watamwona amenyamaza, nao watanyamaza.

Nina hadithi moja ya namna hiyo kichwani. Naijua mwanzo wake, naijua na ile sentensi ambayo ingemfanya msomaji aweke simu chini. Ni bora kuliko zote nilizoandika, na sitaiandika, wala kwa majina mengine, wala wahusika wakishafariki, maana wana wajukuu. Imo katika kitabu cha kumbukumbu kwa mstari mmoja na nusu, pamoja na tarehe, na mstari huo mkutano uliukubali.

Kwa hiyo anayeuliza kwa nini katika hadithi zangu hakuna mchungaji, hakuna mzee wa kanisa, hakuna hata mwanakwaya, jibu ndilo hilo. Kijiji changu chote ni wauza mboga.

Msomaji wenu,
Maragoli, Vihiga